Kamendegere wa Chumba Chekundu

Chini ya ardhi, katika taasisi moja ya utafiti kaskazini mwa Stockholm, kulikuwa na chumba ambamo mchana uligeuzwa kuwa usiku. Taa kubwa ziliwaka wakati watu wamelala majumbani mwao. Asubuhi, wafanyakazi walipoingia, zilizimwa zikabaki balbu nyekundu tu, hafifu kama makaa yanayokaribia kufa. Ilikuwa hivyo kwa ajili ya wanyama. Wao huamka gizani, na daktari aliyewachunguza hakutaka kukesha. Winifrida, aliyekuwa akiwatunza, aliingia kazini kukiwa bado giza, akashinda ndani ya wekundu ule, akatoka jua la Desemba likiwa limekwisha kuzama. Yalipita majuma akaliona jua Jumapili tu, na Jumapili nyingine nalo halikutoka.

Wanyama wenyewe Wazungu huwaita jerboa. Ni panya wa jangwani, lakini ukimwona mmoja ulimi unasita kumwita panya. Miguu ya nyuma ni mirefu na myembamba kama ya ndege. Ile ya mbele ni mifupi, ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Mkia unauzidi mwili, una kishungi cheupe mwishoni, na macho ni makubwa, meusi, yenye maji. Hatembei, anaruka. Wala hanywi maji. Unyevu anaoupata katika mbegu anazokula unamtosha maisha yake yote, na hilo ndilo Dokta Malmsten alilotaka kulielewa, figo za kiumbe huyu zinafanyaje kazi. Alikuwa amewaleta kutoka Tunisia miaka kadhaa nyuma, wakazaana.

Siku ya kwanza Winifrida alipoonyeshwa vizimba alicheka peke yake. Kwao Itigi, katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania, kuna kamendegere, mnyama mkubwa kama sungura anayeruka mbele ya taa za malori. Hawa walikuwa kamendegere kabisa, ila mtu amewafinya mpaka wakatosha kiganjani. Akaanza kuwaita hivyo. Baada ya muda hata Dokta Malmsten alijaribu kulitamka jina hilo, likamshinda, akaliacha.

Winifrida alikuja Sweden mwaka wa sitini na tisa kusomea ufundi wa maabara. Masomo yalikwisha, akaomba kazi ya muda kidogo ili apate uzoefu, na ule muda kidogo ukarefuka. Safari ya kurudi aliiahirisha, akaiahirisha tena, hadi kwao wakaacha kumuuliza anakuja lini.

Korido ya chini ilisafishwa na Damalie, Mganda, mkubwa wake kwa miaka michache. Walikuwa wakiishi pamoja Spånga, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko, wao wawili na Kevina, binti wa Damalie, aliyekuwa na umri wa miaka sita. Damalie alizaliwa Jinja katika kota za reli, ndiyo maana Kiswahili kilimtoka bila shida, kikichanganyika na Kiganda alipostuka. Kwao alikuwa mwalimu. Mumewe, Erukana, alikuwa karani wa mahakama mjini Kampala hadi siku walipokuja wanaume wenye miwani myeusi, wakamnyanyua kwenye meza yake, wakamtia katika buti la gari mbele ya wenzake. Damalie alingoja, akauliza, akaambiwa na mtu wa kuaminika aache kuuliza kama anampenda mtoto wake. Alivuka kwenda Kenya na Kevina mgongoni, na kutoka Nairobi, kwa msaada wa watu wa kanisa, akafika huku.

Alipomaliza korido yake alikuwa akiingia katika chumba chekundu, anageuza ndoo, anaikalia.

"Hawa hawana kelele, Wini," alisema siku moja. "Huko juu kila kitu kinavuma. Mashine zinavuma, taa zinavuma. Hapa nasikia mchanga tu."

Kweli, kilichosikika mle kilikuwa mchanga, kamendegere wakijigaragaza kusafisha manyoya, na tupu, tupu, miguu yao ilipotua. Wanawake wale wawili wangeweza kukaa kitambo kirefu bila neno. Winifrida hakumuuliza habari za Erukana. Alijua kwamba usiku Damalie halali. Aliusikia mlango wa jiko ukifunguliwa na kufungwa.

Vuli ya mwaka wa sabini na tatu alifika Stockholm Mganda mwingine, Matayo, aliyekuwa dereva wa mahakama ileile. Alipewa chumba huko Alby, upande wa pili wa jiji, katika majengo mapya ambayo barabara zake bado zilikuwa matope. Jumapili moja alikuja Spånga amevaa suti iliyompwaya mabegani. Alikataa chai. Alibaki amesimama mpaka Damalie alipomwambia akae.

"Mama Kevina," alisema, "nimekuja nikwambie kwa mdomo wangu mwenyewe, usije ukayasikia kwa watu. Mimi nilikamatwa nyuma ya mzee. Wakaniweka chumba kimoja naye."

Damalie alimtuma Kevina chumbani. Winifrida alitaka kuondoka pia, lakini Damalie alimshika mkono.

"Walimtoa asubuhi," Matayo aliendelea. "Walipomleta hawakumrudisha ndani. Wakamlaza pale uani. Mlango ulikuwa na ufa, nikachungulia. Alikuwa amelala ubavu, hatikisiki. Baadaye likaja lori, wakampakia pamoja na wengine. Mimi waliniachia kwa sababu ndugu yangu alijuana na mkubwa mmoja. Ni hivyo tu. Sina la kuongeza."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati la kijivu. Kiatu kimoja."

Damalie aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama hiyo ndiyo nyumba anayoitafuta. Akainuka, akabandika maji ya chai, na safari hii Matayo akainywa.

Hakulia mbele yao. Lakini Winifrida aliona jambo lingine: Damalie alianza kulala. Mlango wa jiko ulinyamaza. Alianza kula na kumaliza sahani. Alinunua kitambaa cheusi akawa anajishonea gauni jioni, karibu na dirisha, akiiona mishumaa ya Desemba katika madirisha ya majirani wa ng'ambo. Kabla ya Krismasi alisema, "Nimezungumza na mchungaji. Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu ya Mamajusi tutafanya ibada. Mwili hakuna, lakini tutafanya."

Kevina, aliyekuwa anachora chini, aliuliza kwa Kiswidi ibada hiyo ni ya nini. Mama yake alipozungumza naye Kiswahili, yeye alijibu Kiswidi. Ndivyo ilivyokuwa tangu alipoanza kwenda shule ya watoto.

"Ya baba yako. Baba amekufa."

"Yuko wapi?"

"Amekufa, Kevina."

"Ndiyo. Lakini yuko wapi?"

Damalie alikata uzi kwa meno.

Kipupwe hicho mafuta yaliadimika Ulaya nzima. Maduka yalipunguza taa za madirishani, watu waliambiwa wavae sweta ndani ya nyumba. Katika taasisi iliamuliwa kwamba wakati wa likizo joto lipunguzwe jengo zima. Bi Gunvor, msimamizi wa wanyama, alimhakikishia Winifrida kwamba chumba cha chini kina bomba lake la joto na hakitaguswa. Siku ya Krismasi Winifrida alikwenda kuwalisha, akawakuta salama. Siku zilizofuata zilikuwa zamu ya Gunvor. Gunvor akaugua mafua makali, akampigia simu bawabu, na bawabu akaelewa kwamba ni sungura ndio wa kulishwa. Kumbe bomba la chumba chekundu lilikuwa limezimwa pamoja na mengine. Na nje baridi iliingia ile inayofanya theluji ilie chini ya viatu.

Winifrida alirudi kazini baada ya mwaka mpya. Alipofungua mlango pumzi yake ilitoka kama moshi, nyekundu chini ya zile balbu. Hakusikia mchanga.

Alifungua kizimba cha kwanza. Kamendegere alikuwa amejikunja duara, pua imezama tumboni, mkia umemzunguka. Alipomwinua hakulegea kama mnyama aliyelala. Alibaki vilevile duara, mgumu, baridi kama jiwe la mtoni. Akamtikisa. Akamweka sikioni. Akafungua kizimba cha pili, na cha tatu, na vingine vyote. Wote walikuwa hivyo. Mbegu zao zilikuwepo, hazijaguswa.

Bi Gunvor alikuja akasimama mlangoni, leso puani, macho mekundu ya homa. Alitazama kwa muda mfupi akageuza uso.

"Wachome," alisema. "Leo hii. Hatujui kama ni baridi au ni ugonjwa, na chumba cha pili kuna sungura."

"Tusimngoje Dokta?"

"Dokta yuko kwa wakwe zake Norrland. Atakayeulizwa ni mimi, Winifrida. Wachome."

Alikuwa akiwatia katika gunia la karatasi Damalie alipoingia na ndoo yake. Aliweka ndoo chini polepole.

"Bannange! Wote?"

"Wote."

Damalie alisogea, akachungulia ndani ya gunia. Kisha akasema, "Nipe mmoja."

"Wa nini, dada?"

"Nataka Kevina azike kitu kwa mikono yake. Jumamosi ataona watu wamevaa nyeusi, wanaimba, na hakuna sanduku, hakuna shimo. Anaendelea kuniuliza yuko wapi. Nipe mmoja nimfundishe kufa ni nini."

Haikuruhusiwa. Winifrida alitazama koridoni, kisha akamchagua mdogo mmoja mwenye sikio lililochanika, akamfunga katika leso. Damalie alimtia kifuani, ndani ya sweta, akavaa koti juu yake ili asionekane getini.

Tanuri lilikuwa nyuma ya jengo. Winifrida aliliingiza gunia mwenyewe, akafunga mlango wa chuma, akasimama pale mpaka moto uliposhika, kama mtu anavyosimama makaburini. Alisali kidogo. Aliwaombea wanyama, jambo ambalo padri wa kwao angelishangaa, lakini alikuwa ameishi nao miaka mitatu, na wengine alishuhudia wakizaliwa wakiwa wekundu na vipofu, wadogo kuliko kidole gumba.

Damalie alitangulia nyumbani. Winifrida alipopanda ngazi, tangu ghorofa ya kwanza alimsikia Kevina akicheka. Mtoto yule hakuwa mchekaji. Alipofungua mlango aliona viti vimelazwa sakafuni kama ukuta, na nyuma yake Kevina amelala kifudifudi, kidevu juu ya mikono. Mbele yake, chini ya jiko la umeme, kamendegere mwenye sikio lililochanika alikuwa amekaa wima kwa miguu ya nyuma, ameshika punje ya shayiri kwa vile vikono vyake, anatafuna.

Damalie alikuwa juu ya kiti pekee kilichobaki kimesimama. Koti hakulivua. Theluji ya viatu ilikuwa imeyeyuka ikafanya dimbwi.

"Ndani ya treni," alisema kwa sauti ndogo. "Tulipopita Sundbyberg nikahisi kitu kinanikuna hapa. Nikadhani ni leso. Halafu nikahisi moyo, Wini. Unapiga, unasimama, unapiga. Nikaogopa kusogea. Nimepita kituo chetu, nimerudi kwa miguu."

Winifrida alibaki ameshika kitasa cha mlango. Kamendegere aliruka mara moja, akatua karibu na dimbwi, akalikwepa. Kevina akapiga makofi.

"Wale wengine…" Winifrida alianza.

Damalie hakumtazama. Hakuna aliyeimaliza sentensi ile, siku hiyo wala baadaye. Winifrida aliingia chumbani akavua sweta yake iliyonuka moshi, akaitupa kwenye roshani, ikagandia pale hadi Machi.

Kesho yake Damalie alimpigia mchungaji simu. Alisema ibada isiwepo. Hakutoa sababu. Lile gauni jeusi, lililobakia pindo tu, alilikunja akaliweka juu ya kabati.

Habari zilipomfikia Matayo alikuja siku ileile, viatu vyake vya ngozi vimelowa theluji na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Safari hii Damalie ndiye hakutaka kukaa.

"Ndugu Matayo, nataka kukuuliza. Ulisema hatikisiki. Ulimtazama kwa muda gani?"

"Mama Kevina…"

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Mpaka lori lilipokuja. Hapana, walikuwa wakipita mlangoni, ikabidi nirudi nyuma. Nilitazama, nikarudi nyuma, nikatazama tena."

"Ulimgusa?"

"Ningemgusaje? Nilikuwa ndani."

"Aliyempakia, alimsikiliza kifua? Kuna daktari alikuja?"

"Daktari!" Matayo alicheka kicheko kikavu, akajuta. "Pale hapakuwa na daktari, mama."

"Basi hujui," Damalie alisema. "Uliona mtu amelala kwenye baridi ya asubuhi, ukaja kuniambia nimeshafiwa. Hujui. Sema hujui."

Matayo alimtazama Winifrida kama anayeomba msaada. Kwenye kona kamendegere alikuwa akikwaruza sanduku ambalo Kevina alimjazia mchanga unaonyunyizwa barabarani watu wasiteleze.

"Sikumgusa," Matayo alisema mwishowe. "Ni kweli. Sikumgusa."

Aliondoka bila kufunga vifungo vya koti. Winifrida alimwona dirishani akisimama barabarani muda mrefu, kama aliyesahau kituo kiko upande gani, na moyo wake ukamwambia kwamba yule mtu alikuja nchi hii na kitu kimoja tu alichokuwa na hakika nacho, na sasa ameporwa.

Dokta Malmsten alirudi baada ya sikukuu. Gunvor alikuwa amemweleza kila kitu, na hakuja na hasira. Alisimama katikati ya chumba chekundu, mikono mifukoni, akitazama vizimba vilivyooshwa.

"Winifrida," alisema, "uliwapasha joto?"

"Sikuelewa, Dokta."

"Kabla ya kuwachoma. Kuna mtu aliyemweka hata mmoja mahali pa joto?"

"Hapana."

Alikaa juu ya ile ndoo. "Wakipatwa na baridi wanalala. Moyo unakwenda polepole sana, hata mashine inaweza kukosea. Wanaweza kukaa hivyo kwa siku nyingi. Sikuwahi kukuambia, wala Gunvor sikumwambia. Huku daima kulikuwa na joto, sikuona haja." Alipangusa miwani. "Wote?"

Winifrida alifikiri juu ya jiko la Spånga, na uso wa Kevina.

"Wote," alijibu.

Baada ya hapo aliomba ahamishwe, akapelekwa ghorofa ya juu kuosha vyombo vya vioo, mahali penye dirisha. Mwanga ule aliokuwa akiutamani haukumfaa kitu. Kila alipoupitia mlango wa nyuma, pua yake ilitafuta moshi.

Alijaribu mara moja kuzungumza na Damalie. Walikuwa wakikunja nguo zilizofuliwa, Kevina yuko shuleni.

"Dada, Dokta amenieleza. Ni wanyama hawa tu ndio walio hivyo, hawa na wachache wengine. Ni maumbile yao. Binadamu…"

"Najua." Damalie alilinyoosha shuka kwa kishindo. "Unadhani mimi mjinga? Nimefundisha darasa la saba. Najua mtu si panya."

"Basi ile ibada…"

"Wini, nilikuwa nimekwisha kumzika. Humu." Akajigusa paji la uso. "Nilikuwa nalala usiku. Sasa kila nikifumba macho naliona lile lori linakwenda, linatikisika barabarani, jua linapanda, yeye yuko ndani linampiga jua. Anapata joto. Niambie nifanye nini."

Winifrida alichukua ncha ya pili ya shuka. Walilikunja mara nne, kisha likawa dogo mno kukunjika tena. Usiku mlango wa jiko ulianza upya.

Kamendegere aliishi nao zaidi ya miaka miwili. Kevina alimpa jina la Kiswidi, Hopp, maana yake ruka. Jioni alizunguka jikoni kama upepo, na mchana alilala ndani ya soksi ya sufu. Mwaka wa sabini na sita alikutwa amejinyoosha mchangani, miguu yote mirefu imetoka nje. Hakuwa duara. Hata mtoto aliona tofauti. Lakini Damalie alimweka juu ya bomba la joto, ndani ya soksi yake, akamwacha pale siku nzima, na siku ya pili, mpaka Kevina aliponung'unika kwamba jiko linanuka.

"Mama, amekufa," alisema kwa Kiswidi. "Mtupe."

Winifrida ndiye aliyekwenda kumzika msituni nyuma ya majumba, peke yake. Kevina alikuwa na mchezo wa shule.

Waliendelea. Walihamia Akalla majengo yalipokamilika, na Kevina akapata chumba chake. Damalie aliacha kusafisha, akawa anafanya kazi katika nyumba ya wazee, ambako ilisemwa kwamba ana subira kupita wote: mzee akifariki, alikaa naye akiwa amemshika mkono muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, hadi wauguzi wamwambie basi, mama, inatosha. Matayo hawakumwona tena nyumbani. Katika mikusanyiko ya Waafrika wa Mashariki, siku za Pasaka au sikukuu za uhuru, alikaa karibu na mlango, na Damalie alipoingia yeye alitoka. Alikuwa ameanza kunywa. Watu walisema anapolewa huuliza kila anayemkuta kama mtu anaweza kuwa na hakika na alichokiona kwa macho yake.

Vita ilipoingia Kampala mwaka wa sabini na tisa na ile serikali ya kijeshi ikaanguka, Damalie hakungoja hata mambo yatulie. Alimwacha Kevina kwa Winifrida, akaondoka Juni. Alisema mwezi mmoja. Alirudi Novemba.

Kevina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyemfungulia mlango. Alimsalimu kwa mkono, kwa Kiswidi, kama anavyosalimiwa mwalimu, kisha akachukua sanduku akaliingiza ndani. Damalie alikuwa amekonda shingo. Alikunywa chai vikombe viwili kabla hajasema lolote.

"Nilifika pale uani," alimwambia Winifrida. "Kwanza nilizunguka kambi zote, na magereza, na hospitali ya wendawazimu. Mwisho nikasema niende pale pale. Kuna askari wapya, wamefua nguo wamezianika. Nikamuuliza mmoja. Kijana wa watu, mpole. Akaniambia, mama, hapa wamepita wengi, sisi hatukuwepo. Akaniletea kiti. Nikakaa mpaka jua likaanza kuwa kali, nikasogeza kiti kivulini, nikakaa tena."

"Ikawaje?"

"Ikawa hivyo tu. Jioni akaja akaniambia wanafunga geti."

Nje kulianza kunyesha, mvua iliyochanganyika na theluji. Damalie alizungusha kikombe kitupu.

"Nimeona zile barabara, Wini. Nimeona walikokuwa wakipeleka yale malori. Hakuna mtu aliyerudi kutoka kule, hata aliyekuwa mzima. Nilikosa kumwamini mtu aliyejitahidi kunisaidia. Nataka kwenda Alby nimwombe Matayo radhi."

Winifrida alikuwa ameliogopa neno hilo tangu alipousikia mlango ukigongwa.

"Dada, Matayo alifariki. Agosti. Moyo ulisimama, akiwa chumbani kwake. Majirani waliona haonekani. Nilikwenda kumzika mimi, na Waganda wachache, na mchungaji. Sikujua nikuambie kwa njia gani ulipokuwa kule."

Winifrida aliona midomo ya Damalie ikitaka kuuliza swali, akalijua swali lenyewe, akasubiri. Halikutoka. Badala yake Damalie aliinamisha kichwa juu ya meza akalia, kwa sauti, kama walivyolia kwao, kwa mara ya kwanza tangu waanze kuishi pamoja. Kevina alitokea mlangoni, akatazama, akarudi chumbani kwake, kisha akaja tena na taulo.

Jumamosi iliyofuata walikwenda makaburini Botkyrka, upande wa Alby. Mchungaji alikubali kuja ingawa alikuwa na mafua. Kaburi la Matayo lilikuwa ukingoni, karibu na uzio, na halikuwa na jiwe bado, kibao tu chenye jina, nalo walikuwa wamekosea herufi moja. Damalie alivaa lile gauni jeusi la zamani. Lilimpwaya sasa, na pindo alikuwa amelimalizia asubuhi ile. Aliomba isomwe ibada ya watu wawili. Mchungaji alitaja jina la Erukana, akataja la Matayo, akasoma haraka kwa sababu ya mvua. Waliimba ubeti mmoja kwa Kiganda, maneno akiyajua Damalie peke yake, Winifrida akifuata sauti tu.

Kevina alisimama kando, mikono ndani ya mikono ya koti. Ibada ilipokwisha aliuliza, kwa Kiswidi, huyu aliyelala hapa ni nani hasa.

"Alikuwa dereva," mama yake alimjibu. "Alimjua baba yako."

Walibaki kidogo wakitazama udongo. Kisha mchungaji akaanza kukohoa vibaya, wakaona si vyema kumweka, wakatembea wote wanne kwenda kwenye kituo cha basi.